Wageni wa Katekista

Siku za Jumamosi, sisi watoto wa kambi ya kampuni ya madini kule Dilala, Kolwezi, hatukuingia kwenye somo la dini mpaka kila mmoja ajibu swali moja. Katekista alisimama mlangoni pa kikanisa na shati lake jeupe, akauliza, "Leo Mungu alipita wapi?" Ukijibu kanisani, ulirudishwa nyuma ya mstari. Ukijibu kwamba alipita moyoni mwako, alikukazia macho. "Moyo yako iko na dirisha? Mi sioni kule ndani. Rudia nyuma." Biblia nayo hakuitaka pale mlangoni, Biblia ilikuwa ya ndani, mkishakaa. Alichotaka ni kitu ulichokiona asubuhi ile kati ya kwenu na pale, tena uwe umekiona kweli, maana alikuwa mtu wa kuchimba. Ukisema kwenye umande, anauliza umande wa majani gani, na ulikuwa umeanza kukauka au bado. Waongo aliwanasa kwenye rangi.

Nimekaa na watu wa Mungu wengi tangu wakati huo. Nimewaona wachungaji wenye maikrofoni, manabii wenye viatu vya ncha, mapadri waliosoma Ulaya. Hakuna hata mmoja aliyenifanya nimwone Mungu kwenye sisimizi wa jikoni. Yule alinifanya. Ndiyo maana bado nina hasira naye, na nina hasira zaidi na watu wa mtaa wetu, na ninayo nyingine ambayo sipendi kusema ni ya nani.

Kazi iliyomlisha haikuwa ya kufundisha dini. Alikuwa anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali ya kampuni, na jioni alirudi ananukia wanga, mikono ina alama za kuungua. Mashati yake yalinyooka kuliko ya wahandisi. Siku moja nilimuuliza kama kule hospitalini Mungu alikuwa anapita.

"Kule ni kazi," alisema. "Kule mi nafula tu. Damu inatoka, naendelea."

Alikuwa anaogopa damu kuliko mtoto. Alikuwa anaogopa na wagonjwa, na watu wanaolia, na msiba ukiwa mtaani alikwenda kuongoza sala, akaimaliza upesi, akarudi nyumbani kwa njia ya mzunguko ili apite kwenye majani. Wakati ule tulimcheka. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kumtafuta Mungu kwa bidii yote hiyo akaruka mahali pamoja tu, palipo na watu.

Lakini majani aliyajua. Na wadudu ndio usiseme. Kilulu chochote kikitambaa, alichuchumaa, magoti yanalia, akatuita tukizunguke. Mwaka mmoja, kwenye maandamano ya sikukuu, msalaba mbele, wazee wa kanisa nyuma, padri kavaa kofia ya majani kwa jua, Katekista alisimamisha mstari mzima kwa sababu siafu walikuwa wanavuka barabara. Padri, Mzungu mwenye haraka, aliuliza kuna nini. "Kuko bengine banapita, mon père," alijibu. Tukasubiri. Padri alisema kitu kwa Kifaransa ambacho hakikuwa sala, na siafu hawakuongeza mwendo hata kidogo.

Mimi niliwahi kumletea jiwe la kijani, lile ambalo kwetu mtoto yeyote angeliokota njiani baada ya mvua. Nilikuwa na hakika nimeshinda. Aliligeuza kwenye mwanga, akalilamba kwa ncha ya ulimi lizidi kung'aa, uso ukamlainika. Kisha akanirudishia haraka.

"Ni muzuri sana. Lakini hii ni ya kampuni. Enda uitupe kwenye uliiokota."

"Lakini Tata, si Mungu njo aliifanya?"

"Aliifanya, njo. Lakini kampuni ilimutangulia kuichukua."

Hata leo sijui kama alikuwa anatania. Hakuwa mtu wa kuchekacheka na wakubwa, na kampuni ilikuwa mkubwa kuliko wote. Ilitupa nyumba, unga, shule na taa za barabarani.

Nyuma ya nyumba yao alikuwa na mapapai. Sijaona tena mapapai kama yale. Katika somo alituleta mpaka kwenye uzio tuyatazame, alitueleza jinsi ua linavyogeuka tunda, alitupa kila kitu isipokuwa papai. Mungu alikuwa ndani ya papai, na papai lilikuwa lake. Ukirusha jiwe, alitoka na ndala mkononi akakufuata mpaka kwenu, akikutukana kwa Kiluba cha Kasai. Dakika hiyohiyo angeweza kusimama katikati ya mbio kuangalia wingu.

Mkewe, Mama Katekista, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Hawakujaliwa mtoto. Ndiye aliyebeba maji ya bustani yote, asubuhi na jioni, na hakuwahi kuhudhuria lile somo. Mama yangu alimuuliza siku moja kwa nini haji kumsikiliza mumewe. "Yee anaonaka Mungu mu majani," alisema. "Mi naonaka majani inaomba mayi." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walikuwa wanaelewana hivyo, mama yangu akisema Kiluba cha kwetu kaskazini ya Katanga, yeye akijibu cha Kasai. Kwetu Mungu tunamwita Vidye, wao wanamwita Mvidi Mukulu. Ukikaza sikio unasikia ni neno moja limevaa nguo tofauti.

Nasema hayo kwa sababu baadaye tuliambiwa kwamba sisi na wao hatukuwahi kuwa na neno moja. Wazazi wa Katekista waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya kampuni. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona hata kwa picha. Akiimba usingizini, mkewe alisema, anaimba Kiswahili cha Kolwezi. Lakini kampuni ilipoanza kuyumba, unga ukachelewa, taa za barabarani zikafa moja baada ya nyingine na hakuna aliyekuja kuzibadilisha, wakubwa wa kisiasa wakatafuta wa kumlaumu. Walisema Wakasai ndio waliokula nafasi za wenyeji. Walisema kwenye mikutano, redio ikarudia, watu wakarudia redio. Tulikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa akipewa jina la aliyemlia chakula chake haulizi sana.

Jina walilowapa ni bilulu. Wadudu. Vijana waliliandika kwa mkaa kwenye kuta, na wengi wao walikuwa wameshachuchumaa na Katekista, wameshajifunza kutoka kwake kumtazama mdudu bila kumkanyaga. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo pale bombani, alifika nyumbani anacheka.

"Banasema siye ni bilulu," alimwambia mkewe. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshamaliza shule na nilimsaidia kufundisha wadogo. "Hawajue vile banatusifu. Kilulu ni kazi ya Mungu, hata mukono yake mutu hawezi kuifanya."

Mama Katekista alikuwa anachambua majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"We unacheka. Bilulu, bantu banakanyangaka."

Hapo ndipo wageni walipoanza kuja. Walikuja Jumapili mchana, baada ya ibada, wamevaa vizuri. Wa kwanza alikuwa Mwalimu wa Kwaya, mtu wa kwetu wa kaskazini, mwenye sauti nzuri ya kukutoa machozi. Katekista alimfundisha dini tangu mdogo, akamsimamia ubatizo, akamtafutia na kazi kule kwenye kufua. Alikuja na mkewe. Wakasifu mapapai. Wakauliza mvua ikiwa kubwa mabati yanavuja upande gani. Wakauliza kama chumba cha nyuma kinapata hewa. Jumapili iliyofuata wakaja tena, na wengine, na wengine.

Miaka yote hiyo Katekista hakuwa amezoea wageni. Ubahili wake ulijulikana, na watu hawakupenda kukaa mahali ambapo papai linatazamwa tu. Sasa nyumba ilijaa, naye alifurahi mpaka nikamwonea haya. Kwetu mgeni akisifu nyumba yako unamtembeza yote. Kumfichia chumba ni kumtukana. Basi akawatembeza. Aliwafungulia kabati. Aliwakatia papai, kwa mkono wake, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumza. Aliwaonyesha hata ugonjwa wa bomba la jikoni, ambalo ukilifunga kama mabomba mengine linaendelea kutiririka.

"Uinue kwanza kidogo, njo uzungushe," alimwambia Mwalimu wa Kwaya. "Usiikaze. Ni kama mutoto, unaibembeleza."

Mwalimu wa Kwaya akajaribu, ikamshinda, akajaribu tena mpaka akaweza. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Jumamosi yake, Katekista hakungoja watoto wamjibu. Alijijibu mwenyewe pale mlangoni, macho yanang'aa: "Mungu alipita ku kwangu! Alivaa viatu ya bageni!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema amemwona Mungu kwa mtu. Nilikwenda nyumbani nimefurahi, nikamsimulia mama yangu. Mama aliacha kupepeta unga. Alivaa kitenge kingine, akavuka barabara.

Nilimfuata. Alimkuta Katekista bustanini, akamwambia bila kuzunguka, "Tata Katekiste, mwende. Treni ya kwanza iko inakuya, mupande. Bale bantu hawakuye kukusalimia."

"Mama, na weye?" alisema, kama aliyeumizwa. "Batoto yao yote mi njo nilibafundisha. Nani atanifukuza?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Alikuwa na kaka aliyeishi mji wa Mwene-Ditu, kule Kasai, na sanduku lake lilikuwa limeshafungwa chini ya kitanda. Mama yangu ndiye aliyemsaidia kulifunga. "Tata," mkewe alisema, "banakuya kuangalia nyumba. Hawakuangalie we. Banapima."

"We kila kitu unaonaka mubaya."

"Mi naona macho yao. We unaona nini?"

Katekista alisema kuondoka ni kumwambia Mungu kwamba ni mwongo. Kwamba kama Mungu yuko kwenye umande wa kwa jirani, hawezi kukosa kwenye jirani mwenyewe. Alilisema vizuri, kwa ile sauti ya Jumamosi, na mimi, msichana mzima niliyesoma, nikaamini. Treni ya kwanza ikaondoka na waliokuwa na akili. Ilikuwa na mabehewa yenye paa.

Waliokuja kuwafukuza walikuja asubuhi, na matawi ya miti na fimbo, wanaimba. Sisi tulisikia kutoka mbali tukatoka nje. Vijana walisimama mbele ya uzio wakipiga mabati. Mwalimu wa Kwaya hakuimba. Alibaki nyuma mpaka kelele zikapungua, kisha akasogea akavua kofia.

"Tata Katekiste, utusamehe. Wakati imefika."

"Ingia, ingia," Katekista alimwambia, akamshika mkono. Alidhani amekuja kumtetea.

Mwalimu wa Kwaya akaingia. Akapita moja kwa moja jikoni, ambako Mama Katekista alikuwa ameacha bomba linatiririka kwenye ndoo. Akaliinua kidogo. Akalizungusha. Bomba likanyamaza. Nilikuwa dirishani, nilimwona Katekista akiutazama ule mkono juu ya bomba, na nilimwona anavyoelewa. Ilichukua muda. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua vizuri. Mkewe alikuwa ameshatoka na sanduku kichwani. Mama yangu aliwapigia kelele wale vijana mmoja mmoja kwa majina yao, wakamuuliza na yeye kama ni kilulu.

Katekista na mkewe waliwekwa stesheni na maelfu ya wenzao kungoja treni. Mvua zilikuwa zimeanza. Waliotangulia walikuwa wamejaza majengo, waliochelewa walilala nje kando ya reli chini ya plastiki na masanduku. Mama yangu na mimi tuliwapelekea chakula kila tulipopata. Katekista bado alikuwa na shati jeupe siku za mwanzo. Jumamosi alikusanya watoto waliokuwa karibu, akawauliza swali lake, na mtoto mmoja wa kike, mwenye kikohozi, akamjibu:

"Leo hayapita, Tata. Eko anangoja treni, kama siye."

Katekista alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema kwa miaka yote hajapata jibu kama hilo. Akaenda kumsimulia mkewe, aliyekuwa amejilaza kwenye kitenge.

"Basi naye alifanya kosa kama ya weye," Mama Katekista alisema. "Angepanda ile ya kwanza."

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa ameshaanza kuharisha, kama wengi pale, maana waliokuwa wanakunywa maji ya mitaroni hawakuwa na mengine. Alikufa mchana, mama yangu akiwa amemshika kichwa. Katekista hakuwepo. Alikuwa amekwenda kutafuta maji, lakini nilimwona mimi mwenyewe upande wa pili wa reli, amesimama kwenye majani marefu, ndoo tupu, anaangalia chini. Sijui alikuwa anaangalia nini. Nilimwita kwa jina nililomwita maisha yangu yote, akageuka, akajua.

Walimzika siku hiyohiyo ng'ambo ya reli pamoja na wengine, bila jeneza. Mama yangu alitoa kitenge chake kizuri. Jumamosi iliyofuata watoto walimzunguka wakangoja swali. Akawaambia waende kwa mama zao. Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya wazi, ya kubebea madini. Alipanda na sanduku la mkewe. Nilimpungia mkono, naye alikuwa anaangalia mbele.

Sasa niseme kuhusu Mwalimu wa Kwaya, maana nimeishi naye jirani miaka mingi kuliko nilivyoishi na Katekista. Si mtu mbaya. Baba yangu alipofariki alituletea unga na kukesha nasi. Anasalimia kwa mikono miwili. Jumapili anasimama mbele ya kwaya anatuimbisha jinsi mbingu na mlima na ndege wa angani vinavyomshangilia Muumba, na sauti yake bado inatoa watu machozi. Mimi hukaa benchi la nyuma na kutafuna shavu langu. Nilitaka awe shetani, angenirahisishia maisha. Mapapai aliyaacha yakafa, na siku hizi, kwa kuwa kila mtu Kolwezi anachimba chini ya nyumba yake kutafuta madini, amechimba shimo pale bustanini. Hajapata kitu. Hilo peke yake limenifurahisha, na sioni aibu kusema.

Nami nilikauka. Nilitembea kwenda sokoni na kurudi, umande upo, sisimizi wapo, na sikumwona yeyote ndani yake. Nilikuwa najiambia kwamba kilichobaki ni kumpata yule mzee. Yeye ndiye aliyenionyesha Mungu kwenye vitu vidogo kama hivyo. Kama yeye bado anamwona, baada ya stesheni, basi na mimi ningerudi. Na kama hamwoni, sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Biashara ndiyo iliyonipeleka. Nilianza na vitenge vya Dilolo, nikahamia mahindi, na mahindi yakanifikisha Mwene-Ditu. Sokoni nilisikia mwanamke akigombana na mchukuzi kwa Kiswahili chetu kabisa, nikamkumbatia bila kumjua. Alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Nilipomtajia katekista wa Dilala alisema, "Ule mwenye hasemake? Eko kule nyuma ya reli."

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya nyumba ya udongo, anapuliza moto. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akishika mwiko. Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa, na macho yalikuwa yamefifia, lakini nilipobisha hodi alinitambua kwa sauti kabla sijafika. Alinipa kigoda, yeye akakaa kwenye sanduku. Aliuliza habari za mama yangu, nikamwambia amekufa, akatikisa kichwa. Hakuuliza nyumba. Hakuuliza ni nani anakaa humo. Kijua kilikuwa kinawaka kwenye uwanja wake, na uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka udongo mtupu, hakuna jani hata moja.

Nilijikaza nikamuuliza kama bado anafundisha.

"Hapana."

"Misa unaendaka?"

"Hapana." Akaweka kuni sawa. "Usisikie mubaya. Mungu eko, siwezi kusema hapana. Lakini hatusemezane."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesafiri siku na siku kwenye treni ile mbovu, nimelala juu ya magunia, nimefika kwa mtu mmoja tu duniani, na hilo ndilo jibu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia alitufundisha tuangalie, sasa sisi tuangalie nini?

Alipuliza tena moto.

"Mi sikufundisha kuangalia," alisema. "Nilifundisha majani. Mwenye alikuwa anaangalia ni Mama. Aliona macho ya bale bantu, akaniambia, tena akaniambia. Mi nilikatia bale bantu papai." Alisugua magoti yake. "Kila siku alinibebea mayi ya bustani. Siku moja tu yee njo alihitaji mayi, na mi nilisimama mu majani. Kulikuwa ndege kule. Ndege mwekundu, kadogo. Nilisema niangalie kidogo tu."

Hasira yangu haikuondoka, ilikaa tu mahali pengine.

Alipakua bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja, na sombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli. Sombe ilikuwa haijaiva vizuri, nilijua kwa rangi. Tukanawa mikono. Nikasubiri aanze sala, kwa mazoea, kama mtu yeyote wa umri wangu aliyelelewa kwenye mtaa ule angesubiri. Yeye akanyoosha mkono kwenye bukari. Mkono ulipogusa chakula, nikafumba macho, nikaanza mimi.

Nilisali vibaya. Ilikuwa sala ya mtu mwenye hasira. Nilisema asante kwa unga. Nilisema asante kwa majani ya muhogo, kwa moto, kwa chumvi, kwa mvua iliyootesha mahindi ya Mwene-Ditu, nikavitaja kimoja kimoja kama mtu anayemtupia mwenzake vitu vyake mlangoni, mpaka vikaniishia. Nikawa natafuta jinsi ya kumaliza.

"Na Mama," alisema.

Nilifumbua macho. Yeye yake yalikuwa wazi, yananitazama, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sahani, haujakata tonge.

"Mutaje na Mama. Umutaje na jina yake."

Nikalitaja jina la mkewe, lile la nyumbani kwao, ambalo mama yangu alikuwa anamwita wakiwa wawili tu. Nilisema asante kwa ajili yake. Sauti ilinikatika katikati, nikalirudia ili lisikike zima. Kisha nikasema Amina, peke yangu, na yeye akakata tonge, akalichovya kwenye ile sombe mbichi, akala.